Nyanya Zinalala Kwenye Chandarua, Mi Nalala na Mbu

Jamani hivi kuna mtu hapa Dodoma ameshawahi kulima nyanya bila kushauriwa? Nauliza tu. Maana mi nina mashina 40 nyuma ya nyumba huku Nzuguni, na kwa hayo mashina 40 nimeshapata washauri kama 60 hivi, yaani kila shina lina mshauri na nusu, na wote hao hakuna hata mmoja aliyeshika ndoo.

Ilianza Februari. Mama watoto karudi sokoni na nyanya tatu za buku, tatu, ndogo kama ndimu, kaziweka mezani mbele yangu bila kusema neno akaenda dirishani akawa anaangalia nyuma ya nyumba ambako tangu tuhamie hapajawahi kuota kitu zaidi ya mbigili. Mwanaume ukiwa na akili timamu hapo unatoka unaenda kuangalia mpira kwa jirani. Mi nikasema, "Hizi nyanya tutalima wenyewe." Sijui nani aliniroga.

Nikaotesha kitalu, mwezi mmoja, miche ikatoka mizuri tu hata mi nikaanza kujiona. Siku nachimba mashimo, jirani wa kulia akachungulia juu ya ukuta. Huyu mzee kastaafu, ana kuku wa mayai, na ukipita kwake upepo ukiwa unakuja kwako unajua kabisa kuna mali. "Baba, hamna mbolea kama ya kuku," akasema, akanirushia viroba vitatu bure. Bure! Dodoma hii ambayo hata kivuli cha mwembe wa mtu unaulizwa umetokea wapi. Nilitakiwa nishtuke palepale. Nikaweka mashimoni, nikapanda, wiki haijaisha miche imekauka kingo kama imepigwa pasi. Ndo jirani wa kushoto, yule mama wa genge, akatokea na kanga yake kichwani akaniambia mbolea ya kuku mbichi ina moto, ile unairundika, unaimwagia maji, unaigeuza, inakaa mwezi na zaidi mpaka ukiingiza mkono usisikie joto. Nikamuuliza sasa mama mbona hukuniambia nilipokuwa naweka?

"Nilikuona unaweka, nikajua unajua."

Sawa.

Nikaanza upya na miche ya kununua. Sasa njoo kwenye maji. Mvua ya hapa inajulikana, milimita 500 na kitu kwa mwaka mzima na yote inakuja kati ya Desemba na Aprili, baada ya hapo mbingu inafungwa kama ofisi ya serikali saa tisa na nusu, ukigonga hata mlinzi haitiki. Bomba la kwetu nalo linatoa maji siku mbili kwa wiki, tena usiku wa manane, tena yana chumvi, ukichemsha chai wiki moja sufuria linaota magamba meupe ndani. Siku nyingine nanunua kwa vijana wa mkokoteni, dumu la lita 20 shilingi 300. Shina moja linataka kama lita moja na nusu kwa siku likiwa limebeba, zidisha kwa 40 unapata madumu matatu, buku kasoro mia moja kila siku iendayo kwa Mungu. Nilipiga hesabu siku moja usiku kwenye kikokotoo cha simu, nikakifuta haraka kabla mama watoto hajageuka.

Akaja kijana mmoja wa mtaa wa pili, amesomea kilimo Morogoro, kijana mzuri tu ana adabu, kasema shikamoo kwanza. "Mzee, hayo maji unayamwaga juu yanaishia kwenye jua. Chukua chupa za maji, toboa vitundu vidogo, fukia pembeni ya shina, jaza, maji yanaenda kwenye mizizi taratibu." Na kweli bwana, inafanya kazi, udongo unakaa na unyevu siku mbili. Nikaokota chupa 40 mtaani kama mwehu, watu wananiangalia, wengine wananipa pole. Nikafukia zote. Siku ya tatu narudi kazini nakuta mashimo 40 na hamna chupa hata moja. Watoto wa kuokota chupa walipita, wakaona mtu kazipanda kwa mistari, wakavuna. Yaani kwenye shamba langu wa kwanza kuvuna walikuwa wao.

Kijana akasema basi weka matandazo, tandika nyasi kavu kuzunguka shina ili jua lisile unyevu. Nikatandika nyasi, mbuzi wa mtaa wakaja kula nyasi. Nikaweka miiba, mbuzi wakaacha, wakaja mchwa kutokea chini. Huo ndo ushauri, kila mmoja unakuja na wanyama wake.

Halafu kantangaze. Kama hukijui hiki kidudu mshukuru Mungu wako. Asili yake Amerika Kusini, hapa Tanzania kiliingia mwaka 2014, na mi mpaka leo najiuliza kimetoka kote huko kimepita bahari na mapori kuja kutafuta mashina yangu 40 Nzuguni. Kipepeo chake kidogo hata hukioni, kinataga kwenye jani, kiwavi kinatoboa kinaingia katikati ya jani kinakula kwa ndani kinaacha njia nyeupe kama ramani, akimaliza jani anahamia kwenye tunda. Na jina lake unalielewa ukishapigwa, maana mi nilitangaza mtaa mzima.

Hapo washauri walikuja kama msibani. Mmoja majivu, mwingine pilipili na kitunguu saumu, mwingine kaniambia niimbe. Nikachagua mwarobaini kwa sababu mwarobaini Dodoma ni bure, uko kila kona. Unatwanga majani, unaloweka usiku kucha, unachuja, unatia sabuni ya kipande kidogo ili ishike kwenye jani, unapuliza jioni kwa sababu jua linaua ile dawa. Na majani yenye njia nyeupe unayachuma unayachoma, usiyatupe pembeni. Vizuri. Ila hakuna aliyeniambia nisitwangie kwenye kinu cha mama watoto. Kile kinu ndo cha karanga. Wiki mbili nyumba nzima tulikula mboga chungu, watoto wakajua wanatibiwa malaria, mama watoto haongei, anatwanga tu na kuniangalia, anatwanga na kuniangalia.

Ila wadudu walipungua, nisiwe mwongo.

Nyanya zikaanza kubeba, kubwa, nikaanza kuita watu waje kuona. Nageuza moja chini naona kitako cheusi. Nyingine, kitako cheusi. Mstaafu wangu juu ya ukuta: "Hiyo inakosa chokaa, saga maganda ya mayai weka kwenye shina." Maganda ya mayai nitayatoa wapi? Akatabasamu. Nikanunua trei mbili kwake. Tukala mayai asubuhi mchana jioni, nikasaga maganda, vitako bado vyeusi. Kijana wa Morogoro akaja akacheka kwa adabu, akasema mzee chokaa mara nyingi ipo kwenye udongo, ila inapanda kwenye tunda kwa njia ya maji, sasa wewe leo unalowesha mpaka unaelea halafu siku nne unakausha, mmea unashindwa kuipandisha. Yaani kumbe nyanya zangu nazo zilikuwa kwenye mgao. Siku nilipoanza kuzipa maji kidogokidogo kila siku, hata kwa kukopa dumu, zile zenye kitako cheusi hazikupona, ila zilizofuata zikatoka safi. Mstaafu bado anauza mayai.

Sasa mwezi wa saba. Zikaiva. Zote. Siku moja. Kama zimepigiana simu. Ndoo sita! Na mi nilivyokuwa nawaza ile bei ya Februari, tatu buku, nikajiona tajiri, nikapakia ndoo nne kwenye bodaboda mpaka soko la Sabasaba. Nafika nakuta nyanya zimerundikwa kama kokoto, maana Februari bei inapanda kwa sababu mvua inaleta ukungu nyanya zinaoza mashambani, mwezi wa saba kila mwenye kisima anavuna. Sado nzima naulizwa nauza bei gani, nataja bei yangu, mama mmoja akamwita mwenzake aje anisikilize. Nikarudi na ndoo zangu nne na deni la bodaboda. Nikasema basi tugawe majirani, nabeba ndoo kwa mama wa genge, nafika mlangoni nakuta na yeye ameshabeba ndoo anakuja kwangu. Tukaangaliana. Tukabadilishana, kwa heshima tu.

Ushauri wa kuhifadhi sasa, ndo hapo nilitaka kuhama mtaa. Weka friji: nikaweka, zikawa laini hazina ladha. Panga zimeangalia chini kile kitundu cha kikonyo kisipitishe hewa: hii kweli inasaidia, zinaongeza siku kadhaa, ila ndoo sita utazipanga kitandani? Chemsha utie kwenye chupa: nikachemsha nikajaza chupa za jamu, sikuchemsha chupa zenyewe maana gesi nayo si ya babu yangu, siku ya tano saa saba usiku kifuniko kikaruka pwaaa, mama watoto akaingia chini ya kitanda akijua ni majambazi, na mi nilikuwa nimeshatangulia chini ya kitanda.

Ikabaki kukausha. Unakata vipande unene wa nusu sentimita hivi, unatoa mbegu, unanyunyiza chumvi, unapanga kwenye wavu hewa ipite juu na chini, jua la hapa siku tatu nne zimekauka. Jua tunalo, hilo halina mgao. Nisichokumbuka ni upepo. Mwezi wa saba Dodoma upepo unabeba vumbi, mifuko, kofia za watu, na siku ya kwanza ukabeba vipande vyangu vyembamba ukavibandika kwenye ukuta wa mstaafu. Vilivyobaki vikawa na mchanga na nzi. Mama wa genge: "Funika na chandarua." Hakusema chandarua kibovu, wala chandarua cha nani. Mi nilikuwa na kimoja, cha sita kwa sita. Kijana akaonya hivyo vya kwetu vina dawa visiguse chakula, kwa hiyo nikakiinua juu na fito nne, nikakivuta pembe zote, yaani kilitandikwa vizuri kuliko kilivyowahi kutandikwa kwenye kitanda changu. Jioni nyanya zinaingizwa sebuleni zisipate umande, na chandarua chao juu. Mi na mama watoto tunalala na mbu. Watu wanasema kipindi cha baridi Dodoma hamna mbu, waje chumbani kwangu.

Juzi nikapita kwa bibi mmoja hapo chini, Mgogo wa hapahapa, nikamsalimu mbukwenyi, kakaa kwenye kigoda anakula ugali wa uwele na mlenda. Mlenda mwezi wa saba! Nikauliza bibi umeutoa wapi? Akanionyesha chungu. Ule unaota wenyewe mvua zikinyesha, anauchuma, anauanika kivulini, anautwanga unga, anaweka, anakula mpaka mvua nyingine. Majani ya kunde yeye anayatumbukiza kwanza kwenye maji yanayochemka, mara moja tu, ndo anayaanika, kivulini vilevile, akasema ukiyaanika juani rangi inakwenda na faida yake inakwenda. Nikamweleza habari zangu zote, chupa, mchwa, kitako, chandarua. Akasikiliza mpaka mwisho, akamega tonge.

"Mjukuu wangu, hiyo nyanya unainywesha kila siku kama ndama. Umeshaikamua?"

Nikaaga.

Usiku ule maji yakatoka saa nane. Nimetoka na madumu, tochi mdomoni, najikuna mkono wa kushoto na mkono wa kulia, namsikia mama wa genge upande wa pili naye anajaza mapipa yake analalamika peke yake kwamba vipande vyake vya nyanya vimenata kwenye wavu, akivivuta vinachanika. Mi nilitaka ninyamaze. Wallahi nilitaka. Nimeumwa na mbu, nina deni la bodaboda, nimeulizwa kama nimekamua nyanya. Lakini nikajisikia mdomo unafunguka wenyewe, tochi ikaanguka kwenye ndoo.

"Jirani, ungepaka mafuta kidogo kwenye wavu kabla hujapanga. Na usikate nyembamba sana."

Maji yakawa yanalia tu kwenye pipa.

"Heee," akasema, "na wewe umeshaanza?"