Simu za Ng'ambo na Sisi Waongoza Watalii

Wanaotushauri tusipokee simu za namba tusizozifahamu, hasa zinazoanza na tarakimu za nchi za mbali, bila shaka hawaishi Arusha. Mimi ni mwongoza watalii, na riziki yangu hupiga simu kwa +49 au +44. Nikiikataa, huenda nimekataa ada ya shule ya mtoto. Nikiipokea, sauti ya kike iliyorekodiwa inaniarifu kuwa kifurushi changu kimekwama forodhani, na hata nikiiamkia shikamoo haiitikii.

Zipo pia zile zinazolia mara moja na kukatika. Shemeji yangu alikuwa Kijenge akisubiri nyama ichomwe, akabipiwa na +675, akadhani ni mzungu wa Kilimanjaro aliyeishiwa salio, akapiga. Hiyo ni Papua New Guinea. Namba za mtego huo hutozwa bei ya juu, na sehemu ya malipo humrudia aliyebipu, kwa hiyo salio la shemeji lilikwisha kabla nyama haijageuzwa. Lawama zote nilibebeshwa mimi, eti wazungu ni wangu.

Tapeli wa hapa nyumbani angalau anafuatika, kwa kuwa laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba yake unaweza kuiripoti kupitia 15040. Huyu wa ng'ambo hakuweka kidole popote, na hata namba inayoonekana huenda si yake, maana kompyuta huonyesha namba yoyote iliyoagizwa. Marekani walitunga sheria mwaka 2019, simu zikaanza kutiwa saini ya kidijitali, yaani kampuni ya mpigaji huthibitisha namba inayoonekana, na ile ya ulaghai hufuatiliwa kinyumenyume: kampuni iliyoifikisha huulizwa iliipokea kwa nani, na huyo naye huulizwa, mpaka ipatikane kampuni iliyoiingiza nchini, ambayo ndiyo hubanwa, kwa sababu aliyeko nje hashikiki kirahisi. Ni kesi ya umbea wa uani kabisa: "Na wewe uliambiwa na nani?"

Nami nimeweka ukaguzi wangu. Kila apigaye kutoka nje sharti ataje kwanza njia anayotaka kupandia mlima, kwani mashine haijui Machame wala Marangu. Juzi Mjerumani wa kweli alijibu vizuri kabisa, kisha akauliza, kwa adabu, iwapo kampuni yetu ni ya matapeli.