Mlima Umetuita

Bosi wetu pale Moshi anapenda kutuma meseji kwa Kiingereza, hata akiagiza nyanya. Usiku wa kuamkia safari, nikiwa nimeshafunga trei tatu za mayai, simu ya kiongozi ikalia: "Climb is called off. Sorry."

Mimi ni mpishi, wengine pale ni wagumu, yaani wapagazi wa Kilimanjaro. Kiingereza chetu kikipita "good morning" kinakata pumzi. Kiongozi akasimama akatutafsiria kama mkalimani wa mkutano wa injili:

"Call ni kuita. Off ni kuondoka, si mnawasikia wazungu, 'off we go'? Mlima umetuita, tuondoke!"

"Na hiyo sorry?" mgumu mmoja akauliza.

"Pole na kazi."

Tukatazamana. Bosi huyu hajawahi kumpa mtu pole, hata aliyeteguka mguu. Kuna aliyetaka kulia.

Saa mbili asubuhi tuko geti la Machame, njia ile tunayoiita Whiskey. Mvua inatucharaza. Kwenye mizani mzigo wa mgumu haupiti kilo 20, kwa hiyo watu wanahamisha vitunguu kutoka gunia hili kwenda lile, wanapima, wanahamisha tena. Kila kitu kikakaa sawa. Kasoro wazungu.

Saa tano kiongozi akapiga simu. Hakuweka spika, lakini bosi tulimsikia sote.

"Mko wapi?"

"Getini, bosi. Umetuita, tumetoka."

"Nimefuta safari! Wageni wamekwama Amsterdam!"

Kiongozi akafikiri kidogo. "Sasa ile pole ulikuwa unampa nani?"

Simu ikakatwa. Mayai nikayachemsha palepale, watu wakala manne manne, na gharama ikaenda kwenye posho yetu.

Wiki hiyohiyo meseji nyingine ikaingia, usiku tena: "Climb is back on tomorrow." Safari hii tulimbana kiongozi aisome taratibu. Akasoma mara mbili, akacheka.

"Back hata mtoto wa chekechea anaijua. Kesho turudi makwetu."

Nikaenda zangu kwa shemeji Kibosho, nikalala hadi jua likachomoza. Saa nne bosi akanipigia, yuko getini na Wajerumani watano. Siku hiyo aliongea Kiswahili kitupu, na sehemu kubwa ya Kiswahili hicho haiandikiki.