Mkate wa viazi wa Ireland: tatizo ni maji, si unga

Mkate wa viazi wa Ireland huharibiwa na unga wa ngano. Mtu akiona donge linamnata vidoleni anaongeza konzi moja, kisha nyingine, mwishowe anapata chapati ngumu yenye harufu ya kiazi. Kosa lilianzia sufuriani: viazi vilikuwa na maji.

Kwa fadge, mkate wa viazi wa Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ireland, tafuta viazi vya ungaunga kama Kerr's Pink. Chemsha na maganda yake visinywe maji. Ukishamwaga maji, rudisha sufuria kwenye moto mdogo dakika mbili, mvuke uishe. Menya, ponda kwa mkono vikiwa vya moto. Usitumie mashine; inapasua kiazi mno, wanga unatoka na kuwa gundi. Maziwa usitie kabisa.

Nusu kilo ya viazi vilivyopondwa inataka unga gramu 100, siagi 25 na chumvi nusu kijiko cha chai. Unga ukipita gramu 125 umeshaharibu. Changanya upesi, usikande. Sukuma duara la unene wa sentimita moja kasoro kidogo, likate vipande vinne. Kila kipande huitwa farl, yaani robo. Choma kwenye kikaango kikavu cha chuma, moto wa wastani, kama dakika nne kila upande, mpaka kuwe na madoa ya kahawia. Mafuta ni ya kesho asubuhi, unapokikaanga pamoja na mayai. Viazi vilivyolala havifai sana: wanga umeshakaza, na donge hupasuka kingoni ukilisukuma.

Boxty, mkate mwingine wa viazi, wa kaunti za Leitrim na Cavan, ni kazi nyingine. Humo kiazi kibichi kilichokwaruzwa huchanganywa na kilichopondwa. Kamua kile kibichi kwa kitambaa juu ya bakuli, haraka kabla hakijawa cheusi, na maji yake usiyamwage. Yaache dakika 15, kisha yamimine taratibu. Chini utakuta wanga mweupe umeganda. Huo urudishe kwenye mchanganyiko, ndio unaoshika boxty. Wanaoutupa ndio wanaolazimika kuongeza unga.

Kule Armagh, kaunti ya Ulster yenye mashamba ya matofaa, fadge hutiwa tofaa bichi lililokatwa vipande vyembamba, kingo zikabanwa. Sukari isitangulie, italegeza tofaa na kulowesha donge. Mkate ukishaiva, fungua ubavuni, tia sukari na siagi, funika, rudisha kikaangoni dakika moja.