Udongo wa Nyali si mtoto wa jiwe

Wiki iliyopita jirani alichimbiwa shimo la choo huku Nyali, Mombasa. Sururu ilipita kwenye udongo mwekundu kiasi cha futi mbili, kisha ikaanza kulia: jiwe la matumbawe. Fundi akafuta jasho akaniambia, "Ami, udongo huu ni jiwe lililooza tu." Maneno hayo nimelelewa nayo, na siku hizi hayaniingii.

Nilibeba donge moja nyumbani, nikalivunja kwenye bakuli na kulisuuza mpaka maji yakatakata. Zikabaki chembe ngumu, zinazokwaruza kioo. Nikakamulia ndimu kipande cha tumbawe, kikatoa povu, dalili ya chokaa. Chembe zikanyamaza. Sasa mchanga mgumu hivi umezaliwaje na jiwe la chokaa?

Halafu kuna hesabu. Mwamba tunaoukalia, huo ambao Wareno waliuchonga walipojenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, uliota baharini kama miaka 125,000 iliyopita. Chokaa safi ikiyeyuka huacha masimbi yasiyofika asilimia 1, kwa hiyo mita moja ya udongo inadai makumi ya mita za jiwe. Nayo mvua hulila jiwe milimita chache kwa karne. Muda wenyewe hautoshi!

Kisiwa cha Barbados nacho kimekaa juu ya matumbawe. Wanajiolojia walipopima elementi zisizochukuliwa na maji, walikuta udongo wake umechanganyika na vumbi la Sahara, lililovuka Atlantiki zaidi ya kilomita 4,000, na majivu ya volkano ya kisiwa jirani cha St. Vincent. Jiwe lilikuwa sahani tu. Chakula kilitoka kwingine.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Kaskazini yetu, Magarini hadi Marafa, kuna vilima vya mchanga mwekundu, na Kaskazi ikivuma hutokea upande huohuo. Sisemi jiwe halikuchangia kitu, wala sisahau maji ya mvua yanayokokota mchanga kutoka bara. Ila mimi nautilia upepo fungu kubwa.

Jioni lori likaja, likazoa udongo wote wa jirani kama taka. Juzi ananiuliza wapi wanauza udongo wa kupandia miasumini. Nikamwonyesha ndoo zangu mbili nilizowahi kuficha nyuma ya tangi. Moja nimempa.