Jina la ukoo halina jinsia, mpaka apewe mtoto

Wazazi wa Marekani wanaomwita mtoto Parker, Avery au Taylor, awe wa kiume au wa kike, wana utetezi mmoja: hili ni jina la ukoo, na ukoo ni wa wote. Hoja hiyo ina nguvu. Hata kwetu, ukiita "Mushi!" kwenye stendi ya Moshi watageuka baba, mama, kaka na dada. Kama jina halikutaja jinsia likiwa mwishoni, kwa nini lianze kuitaja likihamia mwanzoni?

Kuna na desturi nyuma yake. Kusini mwa Marekani, familia nyingi zimekuwa zikimpa mtoto jina la ukoo wa mama liwe jina lake la kwanza, ili lisipotee mama anapochukua jina la mume. Taylor Swift, aliyezaliwa 1989, aliitwa hivyo kwa kumpenda mwanamuziki James Taylor. Wazazi hawakuona shida kumpa binti jina la ukoo la mwanamume. Wapo pia wanaotaka tu barua ya maombi ya kazi isomwe bila mtu kujua kama mwombaji ni me au ke.

Lakini tazama majina hayo yakishazoeleka. Mashabiki wa Ligi Kuu ya Uingereza wanawajua Ashley Cole na Ashley Young, wachezaji wenye ndevu zao. Marekani, Ashley liliongoza orodha ya majina ya watoto wa kike mwaka 1991 na 1992. Madison lina "son" mwishoni, yaani mtoto wa kiume wa fulani, na ni jina la rais wa nne wa nchi hiyo. Ikatoka filamu mwaka 1984, nguva akajipa jina hilo baada ya kuona kibao cha barabara ya Madison Avenue, na kufikia 2001 lilikuwa la pili kwa wasichana. Huku kwetu Wilson, Jackson na Nelson, ambayo nayo ni majina ya koo za watu, hakuna anayempa binti. Mason, Carter na Hunter nayo yamebaki zaidi kwa wavulana hukohuko Marekani.

Kwa hiyo asili ya jina haiamui kitu. Wanaoamua ni watu waliolibeba mbele ya macho yetu. Na safari yenyewe ni ya upande mmoja. Shirley lilikuwa la wanaume kabla ya mwandishi Mwingereza Charlotte Brontë kumpa jina hilo msichana katika riwaya yake ya 1849, na halijarudi. Wasichana wakishalichukua jina, wazazi wa wavulana hulikimbia. Binti kuitwa kiume huonekana ujasiri, mvulana kuitwa kike huonekana balaa. Usawa gani huo? Mimi naona ni upendeleo uleule wa zamani.

Nakubali jina la ukoo lisilojulikana sana linaweza kubaki huru kwa muda mrefu, maana hakuna mwingine wa kumfananisha naye mtoto. Yenye umaarufu ndiyo hayana bahati hiyo. Kennedy Marekani siku hizi ni binti. Nchini Kenya, Kennedy ni mwanamume, tena mara nyingi mwenye umri wa kutosha kuwa baba yake. Siku binti huyo akitua Nairobi kikazi, dereva aliyetumwa kumpokea atasimama na bango lake akitafuta mzee wa suti.