Likizo ya miezi tisa

Baba mdogo alinipigia Alhamisi jioni, mvua ya Tukuyu inapiga bati mpaka namsikia nusunusu. "Wametujibu, mwanangu! Dakika ile ile! Ila ni Kizungu, njoo utusomee."

Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa parachichi huko Rungwe. Walikuwa wanamwomba bwana mmoja wa ofisi inayogawa miche profoma, yaani karatasi ya bei, waiambatishe kwenye maombi ya mkopo, wapande kabla mvua hazijakata. Kijana wa steshenari ndiye aliyewatumia imeili, na ndiye aliyewaprintia jibu kwa shilingi 500. Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikapanda kosta Uyole. Nakuta karatasi imeshatobolewa matundu mawili na kuingizwa kwenye faili, wajumbe saba wamekaa kwenye benchi wanasubiri tafsiri.

Nikasoma. Asante kwa ujumbe wako, niko likizo, sitapatikana kwa urahisi kwenye barua pepe, nitarejea tarehe 2 Januari.

Hiyo ni Machi, jamani. Mwaka haukuandikwa. Mama mmoja akahesabu kwa vidole, akaishia tisa na ushee, akasema, "Basi huyo ni mkubwa kweli." Sisi wengine sheria ya ajira inatupa siku 28 kwa mwaka. Huyu kachukua za mimba nzima.

Hakuna aliyecheka. Wakaanza kujadili kama wasubiri Januari au waache parachichi, warudi kwenye viazi. Hapo ndipo roho iliponiuma. Walikuwa wameshatuma mara ya pili na ya tatu, kimya, na mzee mmoja akaingiwa na hofu kwamba wamemuudhi mheshimiwa kwa kumsumbua likizoni. Ikabidi nieleze kwamba lile ni jibu linalojituma lenyewe mtu akiwa likizo, na kwamba Outlook, programu ya barua pepe za ofisini, humjibu kila mtumaji mara moja tu mpaka jibu lile lizimwe, ukirudia unaongea na ukuta. Gmail ina afadhali kidogo, ukiandika tena baada ya siku nne inakurushia jibu upya. Nikajisikia kama wakili wa mjinga.

Namba ya simu ilikuwepo pale chini ya jina lake, lakini nani ampigie mtu aliye likizo? Nikapiga mimi. Akapokea mlio wa pili.

"Nipo ofisini, kaka. Likizo? Aaa, hiyo! Nilisahau kuizima. Barua zenu zitakuwa zimezama huku chini."

Alisahau! Outlook inamwekea mtu utepe wa njano juu ya barua zake, unamwambia majibu ya otomatiki bado yanatumwa, na kitufe cha kuyazima kiko papo hapo. Huyu bwana ameutazama utepe ule kila asubuhi tangu Januari, kikombe cha chai mkononi, kama mtu anavyotazama kalenda ya mwaka juzi ukutani. Na siku ile anaondoka kulikuwa na kisanduku cha kutia tiki, unajaza siku ya kuanza na siku ya mwisho, ikifika linajizima lenyewe hata kama wewe bado uko kwa mkweo unakula ndizi.

Sisemi mtu asiende likizo. Nenda, na simu zima kabisa. Mabosi mnaompigia mtu yuko msibani kumuuliza paswedi, Mungu anawaona. Na haya, nikiri: Gmail yangu nayo iliwahi kuwatangazia watu kwamba niko Iringa harusini, wiki mbili baada ya harusi. Ila mimi sigawi miche.

Huku kwetu mtu akisafiri anapita kwa jirani: funguo nimeacha kwa mama fulani, mgeni akija mpe maji. Kuweka lile jibu ndiko kuaga kwenyewe. Sasa unaagaje bila kusema funguo iko kwa nani? Tena Outlook imekutengea sehemu mbili, moja ya wenzako wa ofisini, nyingine ya watu wa nje. Ya nje ndiyo ya kina baba mdogo, nayo inabandikwa Kiingereza kile kile cha ndani, neno kwa neno. Andika Kiswahili, weka tarehe na mwaka wake, weka jina la anayeshika meza yako na namba yake. Hilo kijana wa steshenari angewasomea mwenyewe, bila kunisubiri mimi na kosta.

Profoma ilikuja siku ile ile, picha ya WhatsApp, chai yangu haijapoa. "Ndaga, mwanangu," akasema baba mdogo. Nikataka kuichana ile karatasi, akaninyang'anya, akairudisha kwenye faili. Anasema tarehe 2 Januari atampigia jamaa asubuhi na mapema, amkaribishe kazini.