Ngiri tuliyempiga hakuwa mwizi wa mahindi

Mwezi Agosti mwaka jana tulitoka Dodoma Ijumaa jioni, watu watano katika gari moja, kwenda kuwinda nguruwe wa porini upande wa Manyoni, tukiwa na leseni, silaha zilizosajiliwa na miadi ya kumchukua askari wa wanyamapori njiani. Kabla hatujafika Bahi, mwenzetu mmoja ambaye ni fundi seremala, na ndiye mwenye raifo nzuri kuliko zetu, alikuwa amekwisha kusema mara tatu kwamba safari kama hizi ni msaada kwa wakulima. Mara zote tatu tuliitikia. Mimi mwenyewe nimeitikia kauli hiyo kwa miaka kadhaa, na nimeitumia kujitetea mbele ya mke wangu, mbele ya jirani zangu na mbele ya kila aliyeniuliza kwa nini mtu ambaye mtaani kwake kuna bucha asafiri zaidi ya kilomita 100 kutafuta nyama. Uwindaji sijauacha. Kauli hiyo nimeiacha, na ningependa wawindaji wenzangu waiache pia.

Kwanza tuelewane juu ya mnyama, kwa kuwa mjini kwetu jina moja la nguruwe pori hubebeshwa wanyama wawili wasiofanana kwa tabia. Ngiri ni yule mwenye vinundu usoni na meno yaliyopinda kwenda juu, ambaye akikimbia husimamisha mkia wima, na akila hupiga magoti ya mbele kana kwamba anaswali. Huyu hutembea mchana, hula majani na mizizi mbugani, na jua likizama hurudi katika shimo ambalo mara nyingi si yeye aliyelichimba bali muhanga, yule mnyama mla mchwa. Nguruwe pori hasa ni mwingine: ana manyoya marefu na singa mgongoni, hushinda vichakani, na hutoka usiku pamoja na kundi lake. Leseni yetu iliandikwa ngiri, ilhali mazungumzo yetu yote ya garini yalimhusu yule wa usiku.

Safari yenyewe haina mengi. Ukishapita Kintinku barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, ukayaacha nyuma mashamba ya mpunga ya Bahi, na huko juu, kadiri unavyoelekea Itigi, vichaka huwa vizito kiasi kwamba mtu akiingia hatua kumi humwoni tena. Tulilala katika mahema. Dereva wetu, Mwislamu wa Kondoa ambaye huja kwa ajili ya upepo na hadithi tu, alikuwa na sufuria yake na kuku wake, akatutahadharisha tusiisogelee.

Jumamosi, yapata saa moja na nusu asubuhi, tulimwona ngiri dume akila pembezoni mwa mbuga. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kupiga mnyama kutoka ndani ya gari, kuwinda usiku kwa tochi, kutumia sumu na kutega nyaya, kwa hiyo tulikuwa tumeliacha gari mbali na tukamwendea kwa miguu. Fundi akafyatua. Risasi ilipita nyuma ya bega, ikaingia tumboni, na yule mnyama akaondoka mkia ukiwa juu kama vile hakuguswa. Askari wetu, kijana mpole ambaye tangu jana yake hakuwa amesema maneno ishirini, alitugeukia akasema, "Wakubwa zangu, leo hakuna risasi nyingine mpaka huyu apatikane."

Tulimfuata hadi karibu saa sita. Saa hizo nne ndizo ambazo hakuna anayezipiga picha. Tone la damu kwenye jani, kisha hatua hamsini bila chochote, kisha tone jingine kwenye jiwe. Kijana anapiga magoti na kuugusa udongo, sisi watu wazima wenye vyeo mjini tumesimama nyuma yake kama watoto waliovunja chungu. Fundi hakusema lolote juu ya wakulima muda wote huo. Naamini kila mwindaji amewahi kuwa na asubuhi ya namna hiyo, na naamini pia kwamba tungekuwa waangalifu zaidi kwa shabaha zetu kama tungelazimika kuzisimulia tunapogawa nyama.

Alama za damu ziliishia kwenye shimo. Ngiri huingia shimoni kinyumenyume ili meno yake yabaki yameuelekea mlango, na anayechungulia hujitafutia kupasuliwa paja. Askari alitupanga kando, nyuma ya mdomo wa shimo, tukasubiri nusu saa nzima, kisha akaingiza mti mrefu. Ngiri alikuwa amekwisha kufa. Tulipomvuta kwa kamba, mwenzetu ambaye ni daktari wa mifugo hakumtazama ngiri hata kidogo. Aliinama akaumulikia udongo wa shimo akitafuta papasi, wale kupe laini wanaokaa ardhini na kutoka kunyonya damu mnyama anapolala.

Sababu yake ilikuwa nzito, na naiandika hapa kwa kuwa Dodoma ina mabanda mengi ya nguruwe na walaji wengi wa kitimoto. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, ina makao yake ya asili kwa ngiri na kwa papasi wa mashimo yake. Ngiri hubeba virusi hivyo bila kuugua, lakini vikiingia katika banda la nguruwe wa kufugwa huweza kulimaliza lote ndani ya siku chache. Binadamu haambukizwi, na hilo ndilo linalotufanya tuzembee. Fundi ana banda nyumbani kwake. Alikuwa amepanga kurudi na utumbo na kichwa avichemshe awape nguruwe wake, jambo ambalo kwake lilikuwa ubanifu wa kawaida wa mtu asiyetupa kitu. Daktari alimkatalia mbele yetu sote, bila kupunguza sauti. Tulichimba shimo tukafukia matumbo, tukasugua viatu kwa dawa aliyokuja nayo katika chupa, na nyama ikakatwa huko huko kwa sharti kwamba itapikwa hadi iive kabisa, kwa sababu nyama ya ngiri isiyoiva inaweza kuwa na minyoo inayomdhuru mlaji. Mwindaji asiyejua haya anaweza kumpelekea mkulima hasara kubwa kuliko ile anayodai kumwondolea.

Jioni hiyo tulikwenda kijijini kuomba maji kwa mzee mmoja anayefahamiana na askari wetu. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, tukakalishwa chini ya mti. Fundi, ambaye kwa wakati huo alikuwa amerudiwa na moyo, akamwambia, "Mzee, leo tumekupunguzia adui." Mzee akainuka taratibu, akaenda hadi kwenye gari, akafunua turubai, akakitazama kichwa, kisha akacheka.

"Huyu simdai kitu, wanangu. Huyu hupita mchana, ananiona, namwona. Mwizi wangu ninyi hata sura yake hamuijui."

Alitupeleka shambani. Kulikuwa na mabua makavu, na katikati dungu la miti, yaani jukwaa la kulindia mazao, ambalo bado lilikuwa limesimama. Tangu mahindi yanapoanza kubeba hadi yanapovunwa, alisema, yeye na wanawe hulala hapo kwa zamu wakipiga debe, na mchana watoto huamia ndege kwa kuwa kweleakwelea hawauachi uwele, hivyo kwa miezi kadhaa nyumba yake haina usiku wala mchana. Nguruwe pori huliangusha bua, huuma hindi mara moja au mbili, kisha huliendea lingine, na kwenye karanga hufukua mstari mzima kama aliyepita na jembe. Nilimuuliza kama yupo aliyewahi kuja kumsaidia. Akajibu kwamba tembo wakipita watu husikia na magari huja, lakini nguruwe hana habari ya kutangazwa.

Hapo ndipo hesabu ilipojifanya yenyewe kichwani mwangu. Dodoma na Manyoni tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Tunapanda Desemba, na kufikia Juni mahindi, mtama na alizeti kwa sehemu kubwa vimekwisha kuingia ndani. Msimu wa uwindaji hufunguliwa tarehe 1 Julai. Kwa maneno mengine, sisi watetezi wa mkulima hufika na bunduki zetu wakati ambapo shambani hamna hata hindi moja la kutetea, tukawinda mchana mnyama asiyekula mazao yake kwa kiwango cha kumkosesha usingizi, na tukaweka bunduki chini kabla ya usiku ambamo yule anayeyala hutoka. Tumekosea mnyama, saa na mwezi, na bado tunadai shukrani.

Kuna watakaojibu kwamba sheria inamruhusu mtu kumuua mnyama anayetishia maisha au mali yake, mradi atoe taarifa, na kwamba basi mkulima ajitetee mwenyewe. Ajitetee kwa kitu gani? Mzee yule hana silaha yenye leseni. Akishika gobole la jirani ni kosa, akitega waya ni kosa, na waya hauchagui: unaweza kumnasa swala au ndama wake mwenyewe. Anachobaki nacho kihalali ni debe na watoto wake. Wengine watasema nguruwe pori wameongezeka kwa sababu chui, anayewawinda usiku, amepungua, na wengine kwamba mashamba yamevifuata vichaka vyao. Mzee mwenyewe aliyasema yote mawili bila kuulizwa, na la pili alilisema akijihesabu yeye kuwa mmoja wa waliovifyeka.

Ninachokitaka mimi ni kitu kidogo na chenye mipaka. Sehemu ya nguruwe pori wanaoruhusiwa kuwindwa kila mwaka itengwe kwa ajili ya miezi ya Februari hadi Mei, ipigwe na askari wa wanyamapori wenyewe, usiku, kwa ombi la kijiji, na nyama ibaki kijijini kwa wanaoila. Wawindaji wa mjini wasipewe kazi hiyo. Nimeona shabaha yetu ya mchana kweupe, na sitamani kuiona ya usiku katikati ya madungu yenye watoto. Mchango wetu uwe fedha: ada tunazolipa ziongezwe kidogo, na ongezeko hilo liende kwenye mafuta na risasi za askari hao. Sisi tubaki na Agosti yetu, na tuiite kwa jina lake, yaani nyama, moto wa jioni na siku mbili za kutosikia simu. Sioni aibu katika hilo. Aibu niliiona pale turubai lilipofunuliwa.

Mwezi Machi tulirudi kwa yule mzee bila bunduki, tukampelekea tochi mbili, betri na turubai la kuezekea dungu. Fundi aliomba kulala huko usiku mmoja, na mzee akamkabidhi debe. Asubuhi alishuka macho yakiwa mekundu, akasema hakumwona nguruwe hata mmoja, ila kuanzia saa nane za usiku aliwasikia wakitafuna.